Jibu: Hiyo simu usimpe fundi kwanza, mkuu

Mkuu, kesho asubuhi usiende kokote na hiyo simu. Soma kwanza, ukimaliza utanitukana ukitaka.

Umeandika kwamba simu ya mkeo imejaa na inaganda, mtoto ana miezi minne, picha zake zote tangu wodini zimo humo, na fundi amekwambia "nitaiflashi itakuwa nyepesi, picha hazipotei." Kuflashi ni kuifuta simu yote na kuiwekea programu zake upya. Ukauliza na mambo ya albamu, studio ya kumpiga mtoto picha, na simu ya laki tatu yenye kamera nzuri. Wadau wamerukia simu ya laki tatu, kurasa mbili nzima wanabishana kamera ya nani inaona gizani. Hakuna hata mmoja aliyeshtushwa na maneno ya fundi. Mimi yamenishtua kwa sababu niliambiwa hayo hayo, Kariakoo, na mtu aliyekuwa anatafuna hindi la kuchoma huku ananihakikishia.

Simu ilikuwa ya mke wangu. Ndiyo ilikuwa kamera ya nyumba, kwa sababu ya kwangu kioo kilishapasuka na picha zake zilitoka kama umepigia ndani ya chungu. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa kwenye simu moja: mtoto ana kile kitambaa cha hospitali, kitovu kabla hakijadondoka, siku ya arobaini na nywele zinanyolewa, tabasamu la kwanza ambalo shemeji yangu mpaka leo anasema ilikuwa gesi tu.

Na video ya bibi. Hii nikueleze vizuri maana ndiyo inayoniuma.

Mama mkwe alikuja kutoka Same kumkanda binti yake na kumwogesha mjukuu. Jioni moja mke wangu akaegesha simu kwenye kopo la maziwa, akaacha inarekodi. Bibi amekaa kwenye mkeka, miguu kainyoosha, mtoto kalala juu ya miguu hiyo, kichwa kimeelekea kwenye nyayo. Beseni la bluu pembeni. Anamwagia maji kwa kiganja, anamnyoosha mkono wa kulia uvuke kifua ukutane na mguu wa kushoto, anabadilisha, na muda wote anaimba Kipare kwa sauti ya chini, wimbo ambao hata mke wangu hajui maneno yake yote. Mtoto analia, analia, halafu ghafla ananyamaza, anamkodolea macho bibi yake, na anamkojolea mpaka kwenye khanga. Bibi hashtuki. Anasema, "Haya, nimeshalipwa," anaendelea kuimba.

Hiyo video hatukumtumia mtu. Ilikuwa nzito, bando lilikuwa la mawazo, tukasema tutaituma tukipata waifai. Waifai tulikuja kuipata baadaye. Video haikuwepo tena.

Simu ilipoanza kuganda mimi mwanaume wa nyumba nikasema nitalishughulikia. Fundi simtaji. Ana kiti cha plastiki, taa ya mezani na ulimi, inatosha. Akaniuliza kama kuna vitu vya maana humu. Nikamwambia picha za mtoto. Akasema, "Hizo si ziko WhatsApp, bosi? Ukiingiza namba tu zinarudi zote." Nikamuuliza mara ya pili. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemfundisha babu yake kutumia rimoti... samahani, nimejitusi mwenyewe. Nikampa.

Simu ikawaka safi kabisa. Ikasema Karibu. Halafu ikaomba Gmail iliyokuwemo zamani pamoja na neno la siri.

Nikampigia mke wangu: imeili yako ni ipi? Akasema, "Imeili gani? Si alinifungulia yule kijana wa dukani siku tuliponunua?" Unamjua huyo kijana, kila duka la simu lina mmoja. Anachukua simu yako mpya, anabonyeza bonyeza, anakutungia Gmail yenye namba za ajabu, neno la siri analijua yeye na Mungu, anakupa simu na kava la bure. Na namba ya kuthibitishia aliweka ile laini ya mke wangu ya zamani ambayo tulishaacha kuiweka vocha mpaka ikafungwa.

Fundi hakubabaika. Akasema hiyo anairuka, elfu kumi na tano zaidi. Nikalipa! Mimi, mtu mzima mwenye akili zangu, nimemlipa mtu aufunge mlango uliobaki na funguo azitupe. Kwa sababu bakapu ya WhatsApp, yaani nakala ya akiba, kwenye Android inakaa sehemu mbili: kwenye akaunti ile ile ya Google, na faili lingine ndani ya simu yenyewe. La ndani ya simu alishalifuta. La kwenye akaunti, hata kama lilikuwepo, liko kwa Gmail ya kijana wa dukani. Tukaingiza namba kama alivyosema. Makundi yakarudi: kundi la ukoo, kundi la kikoba, kundi la harusi iliyofanyika tangu mwaka wa juzi. Picha, hakuna hata moja. Ikaandika hakuna nakala iliyopatikana. Fundi akasema, "Subiri, huwa inachelewa." Akamhudumia mteja mwingine. Hindi likaisha. Nami niko pale nasubiri.

Nyumbani sitaki kusimulia sana. Mke wangu alifungua galari, akaifunga, akaifungua tena, kisha akaniuliza swali moja tu: "Ulimuuliza?" Nikasema nilimuuliza mara mbili. Tangu siku hiyo kila nikisema nimeuliza kitu, iwe bei ya nyanya au saa ya basi, naulizwa kama nilimuuliza yule yule. Nililala sebuleni kwa hiari yangu, wadau msinielewe vibaya, kulikuwa na mpira.

Hapa naomba unisikilize, kwa sababu baada ya fundi wa kwanza utakutana na wa pili. Wa pili ndiye mwenye "programu ya kurudisha picha." Huyo alinitoza elfu themanini akakaa na simu, akanirudishia faili limejaa picha kweli: nembo za programu, maua ya mandhari, na sura ya dada mmoja wa kwenye tangazo la sabuni. Ya mtoto hakuna. Kijana wa ofisini kwetu anayeshughulika na kompyuta ndiye aliyenieleza bila kuniomba hata soda. Simu za miaka hii, hasa zilizotoka na Android 10 kwenda mbele, kila kilichomo kimefungwa kwa ufunguo unaokaa ndani ya simu. Ukiirudisha simu ilivyotoka kiwandani, kitu cha kwanza kinachoteketezwa ni huo ufunguo. Vinavyobaki kwenye chipu ni vurugu isiyosomeka na mtu yeyote, awe wa mtaa wa Aggrey pale Kariakoo au wa Marekani. Zamani kwenye vile visimu vya mwanzo ilikuwa inawezekana kurudisha, na mafundi wengi wamebaki na maneno ya enzi hizo huku bei wameipandisha. Hawajui, au wanajua na wanahitaji hela ya kula. Mimi nimeshaacha kuchagua jibu.

Sasa shika hili, na ukisahau mengine yote hili libaki: simu isitoke mkononi mwako kabla picha hazijatoka ndani ya simu. Fundi awe ndugu yako, awe amesoma, awe amekutengenezea redio ya marehemu baba. Isitoke.

Na "zimetoka" maana yake umeziona kwa macho yako mahali pengine. Anza na Gmail. Mwulize mkeo leo neno la siri ni lipi. Kama halijui, msifanye kitu kingine chochote mpaka mlibadilishe na kuweka namba yake ya sasa, maana wakati simu bado iko wazi na akaunti imo ndani, kulibadilisha ni rahisi kuliko baada ya hapo. Andikeni kwenye karatasi. Na msiiache hiyo akaunti ikalala, Google wana haki ya kuifuta isipotumika miaka miwili.

Halafu Google Photos. Ifungue, washa bakapu, na hapa ndipo wengi wanapoangukia: yenyewe inachukua picha za kamera tu. Picha alizopokea kwenye WhatsApp, zile alizopiga mama yako au nesi, ziko kwenye folda nyingine na lazima uiwashe hiyo folda kwa mkono. Nafasi ya bure ni GB 15. Zamani picha zilizopunguzwa ubora kidogo hazikuhesabiwa humo, hiyo ikaisha Juni 2021, na siku hizi bakapu ya WhatsApp nayo inakula humo humo pamoja na barua pepe zake. Miezi minne ya picha itatosha, video ndizo zitakazokusumbua. Ikishamaliza, chukua simu yako wewe, ingia kwa akaunti ya mkeo, utafute picha ya siku ya kwanza. Ukiiona humo, ndiyo imetoka. Nakala nyingine weka kwenye flashi diski au memori kadi, uitoe, uiweke kabatini na vyeti.

Na kuna mtego mmoja wa kijinga. Ukishaziona kule juu kwenye akaunti, usianze kuzifuta moja moja humo humo kwenye Google Photos ili upate nafasi. Ukifuta pale inafutika na kule juu. Kapu la taka linaishika siku 60, basi. Kuna kitufe cha kusafisha nafasi ambacho kinaondoa za kwenye simu tu, tumia hicho.

Tena nakuhakikishia, ukiingia kwenye mipangilio ya WhatsApp sehemu ya hifadhi, utakuta picha za mtoto wala si mzigo. Kwa mke wangu kilichokuwa kimeijaza simu ni video za mahubiri, maua ya "asubuhi njema", na mtu anayefundisha kupika pilau kwa dakika kumi. Ule usafi ningeufanya mwenyewe nimekaa kwenye kochi, bila nauli ya Kariakoo.

Unajua nani aliyetuokoa kidogo? Shangazi yangu wa Mwanza, ambaye tunamcheka kwamba hafuti kitu. Kila tulichowahi kutupia kwenye kundi la ukoo alikuwa nacho. Alitutumia, Mungu ambariki, usiku kucha simu inalia. Lakini WhatsApp inabana picha ikizituma. Kwenye simu zinapendeza, tulipokwenda kuchapisha kubwa uso wa mtoto ukawa vijiboksi. Ile moja ambayo amekunja ngumi, mke wangu alikuwa anapenda kucha zake, sasa huwezi kujua kucha ni ipi na kidole ni kipi. Kama ni lazima utume kwa WhatsApp, tuma kama dokyumenti, hapo haibanwi.

Kilichobaki kizima ni kadi ya kliniki. Ile kadi niliyokuwa naiona kero, imechakaa, ina doa la uji, ndiyo yenye kila kitu: kilo za kuzaliwa, chanjo ya wiki ya 6, ya 10, ya 14, na mstari wa uzito ulivyoshuka kidogo mwezi alioharisha ukapanda tena. Mwandiko wa nesi haujawahi kuhitaji neno la siri. Sasa kila mwezi tunachapisha picha chache tunazozipenda, karatasi ya picha ya kweli ya studio, tunaandika nyuma tarehe na aliyekuwepo. Mke wangu ndiye anayechagua. Mimi nimevuliwa madaraka yote yanayohusu picha, nabeba tu flashi.

Video ya bibi tulijaribu kuirudia. Alipokuja sikukuu tukamwomba akae vile vile, beseni lile lile, aimbe. Akatuangalia akasema, "Nimwimbie nani, huyu anayenikimbia?" Na kweli, mtoto alikuwa ameshafika kwa jirani.

Kwa hiyo mkuu, hayo ya kamera yaache wadau wamalizane. Ukifuata nilichokueleza, ni kazi ya usiku mmoja na bando la usiku ni rahisi. Una bando? Kama huna niambie mtandao gani, nitakurushia sasa hivi, ila fundi mpigie umwambie umesafiri.