Mbegu za alizeti "za Van Gogh": tusidanganyane

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Ninapanda maua ya kuuza nyuma ya nyumba, Moshi. Nimeiona picha ya alizeti ya Vincent van Gogh, na baadhi ya maua hayana lile jicho la katikati, yamejaa petali tupu. Yangu hayatoki hivyo. Kuna muuzaji mtandaoni anasema anazo mbegu asilia za ukoo uleule wa 1888, ila bei yake ni kubwa. Ninunue?

JIBU: Marahaba, dada. Usinunue.

Jicho lako limeona sawasawa. Wapo wanaodhani mchoraji alibuni, lakini alizeti za namna ile zipo kweli. Kichwa cha alizeti ni mkusanyiko wa vijiua vingi: vya pembezoni hutoa petali ndefu na havizai, vya katikati vina umbo la mrija na ndivyo vinavyobeba mbegu. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, walionyesha kwamba jeni iitwayo HaCYC2c, ambayo kwa kawaida hufanya kazi pembezoni tu, kwenye alizeti hizi hufanya kazi kichwa kizima. Kwa hiyo vijiua vya katikati navyo huota petali. Hilo ni badiliko la jeni linalorithiwa. Halitokani na mbolea, dawa wala mwezi wa kupanda.

Kinachonikera ni neno "asilia". Kila msimu naletewa pakiti yenye picha ya zamani na hadithi ya ukoo. Mbegu ya alizeti imejaa mafuta, na mafuta huchacha. Ukiiweka ghalani, baada ya miaka michache haioti. Ili ukoo ufike leo kutoka 1888, lazima mtu awe ameupanda tena na tena kwa zaidi ya miaka 130, huku akiukinga na chavua ya nje. Alizeti huchavushwa na nyuki, na nyuki haulizi mpaka wa shamba. Jirani akiwa na alizeti za mafuta, mbegu utakazovuna kwako zitakuwa mchanganyiko.

Hata hiyo picha yenyewe si orodha ya mbegu. Agosti 1888, mjini Arles, kusini mwa Ufaransa, Van Gogh aliamka na jua kuchora kwa sababu maua yalikuwa yananyauka upesi, na kwenye chombo kimoja aliweka yenye jicho na yaliyojaa petali. Lakini picha iliyopo Amsterdam ni ya Januari 1889, katikati ya baridi: alikuwa akinakili picha yake mwenyewe. Na usitafute mbegu za rangi ile ya kahawia-kahawia. Njano ya kromi aliyotumia, yaani rangi yake ya njano, hugeuka kuwa ya kahawia kadiri inavyopigwa na mwanga.

Ukitaka ua lililojaa petali, tafuta aina kama Teddy Bear, fupi, inayofaa hata kwenye ndoo. Kwa maua ya kukata, wakulima wengi wa leo hutumia chotara zisizotoa chavua, ili kitambaa cha meza kisichafuke na ua lidumu chomboni. Utasa huo wa kiume, yaani ua kutotoa chavua, ulipatikana Ufaransa mwaka 1969 kwa kuchanganya alizeti na ndugu yake wa porini. Van Gogh hakuwahi kuziona. Ukihifadhi mbegu za chotara hizo, msimu wa pili zitatoka kila moja na sura yake.

Hapo ndipo wanapoumia wakulima wa alizeti za mafuta, na wao hawapotezi pakiti moja bali msimu mzima. Wanauziwa mbegu kwa picha ya kichwa kikubwa kama ungo. Kichwa kikubwa si mafuta mengi: mara nyingi katikati hubaki mapepe. Wengine wanauziwa mbegu zilizovunwa kwenye shamba la chotara, zimefungwa upya na kuitwa "daraja la kwanza". Dai lebo ya uthibitisho kutoka TOSCI, taasisi ya Tanzania inayothibitisha mbegu, jina la aina, na tarehe ya kupimwa uotaji. Muuzaji akianza kukusimulia historia badala ya kukuonyesha lebo, ondoka.

Na kama pesa umeshaitoa, dada, chukua mbegu 10, zifunge kwenye kitambaa kibichi, kisha uzihesabu baada ya wiki moja. Zikiota chini ya 7, mrudishie pakiti yake.