Mwenyekiti kuipangisha kampuni ghala lake

Kaka, umeuliza kuna ubaya gani mwenyekiti wa kampuni yenu ya asali hapo Tabora kuipangisha kampuni ghala lake mwenyewe, ikiwa bei ni ya soko. Kumiliki ghala si kosa. Swali ni nani alikaa upande wa kampuni kupatana naye bei. Kama ni yeye au watu aliowaweka yeye, hiyo "bei ya soko" imethibitishwa na nani?

WeWork, kampuni ya Marekani ya kupangisha ofisi, ilikwama hapo mwaka 2019. Nyaraka za kuuza hisa kwa umma zilionyesha Adam Neumann, mwanzilishi na mkurugenzi mkuu wake, ameipangisha kampuni majengo ambayo yeye mwenyewe alikuwa na hisa ndani yake, na kampuni yake nyingine ililipwa dola milioni 5.9 kwa ajili ya jina "We" (alizirudisha baada ya kelele). Hisa zake zilikuwa na kura 20 kila moja, kwa hiyo bodi aliyoweza kuiondoa kwa kura hizo ingemzuiaje? Septemba akajiuzulu ukurugenzi mkuu, uuzaji wa hisa ukafutwa.

Sheria yetu ya Makampuni ya 2002 inamtaka mkurugenzi atangaze maslahi yake mbele ya bodi. Ombeni muhtasari wa kikao kilichopitisha mkataba, kisha ulizieni kodi za maghala mengine mjini.