Malindi hadi Amu (Lamu) ni nusu saa angani, lakini usipange safari kwa hiyo nusu saa

Jamani mimi naandika hii kwa sababu nimeulizwa sana Malindi mpaka Amu kwa ndege ni muda gani, na kwa sababu nilikosa ndoa ya mtoto wa dada yangu kwa hesabu mbaya, bado inaniuma.

Ukitafuta kwenye simu utaambiwa kutoka eapoti ya Malindi hadi ya Manda, ndiyo eapoti ya Amu, ni kama kilomita 140, na ni kweli kabisa. Kwa barabara hadi Mokowe, gati ya bara unapopandia boti ya Amu, inapita 200 maanake lazima uzunguke bara mpaka Garsen ndo uvuke Mto Tana, wakati ndege inakata moja kwa moja juu ya ghuba ya Ungwana. Cessna Caravan, ile ndege ndogo, inakwenda kama kilomita 300 kwa saa, sasa gawanya mwenyewe, nusu saa hivi.

Mi nikaishika hiyo nusu saa. Ndoa inasomwa baada ya alasiri, ndege saa nane mchana, nikamwambia dada saa tisa nipo mlangoni kwako. Ndege yenyewe ilikuwa inatoka Nairobi, ikachelewa huko, sisi tumekaa tu Malindi tunaangalia juu, imetua saa tisa na robo, tukaruka tisa na nusu na ushee. Angani ilikuwa nusu saa vilevile walivyosema! Lakini Manda ni kisiwa, ukishuka ungojee mzigo, mzigo uende na mkokoteni mpaka gatini, halafu boti, na nahodha naye anangoja abiria wengine. Nimefika kwa dada saa kumi na dakika arobaini, watu wanatoka msikitini, sahani ya halwa iko nusu. Dada hakunigombeza, alinishika mkono tu akanipeleka ndani, na hilo ndo lilinitoa machozi.

Kwa hivyo ukiniuliza mimi, Malindi mpaka Amu mjini hesabu saa nne mlango kwa mlango, na kama ni ndoa au mazishi nenda jana yake. Wallahi usibishane na hili.

Kingine, kabla ya kulipa uliza kama siku yako iko ndege ya moja kwa moja. Ikiwa haiko, kuna watakaokupitisha Nairobi, na hapo utaruka karibu kilomita 900 kwenda mahali pa kilomita 140, bora upande basi asubuhi ushukie Mokowe uchukue boti.

Mzigo nao. Ndege ndogo mara nyingi ni kilo 15, pima nyumbani, mi ilibidi nifungue begi pale kaunta mbele za watu, zawadi za bibi harusi zote nje, nikaacha viatu na pasi ya nguo ndo ikatosha. Na nauli ya boti patana kabla hujakanyaga ndani, si baada.

Ukipanda Malindi na kukiwa hakuna mawingu kaa dirisha la kushoto. Ukikaribia Kipini utaona Tana inavyoingia baharini, maji ya rangi ya udongo yanatembea mbali ndani ya maji ya buluu, na hapo ujue Manda imekaribia, anza kutafuta namba ya nahodha wako.