Shule na Waajiri wa Jirani: Mnauliza, Najibu

Safu hii ilipogusia shule kushirikiana na viwanda, karakana na ofisi zilizo karibu nazo, ili wanafunzi wazijue kazi kabla ya kuzichagua, maswali yalikuja mengi. Yaliyofanana nimeyaunganisha.

Mimi ni mwalimu wa ushauri nasaha. Nimepeleka barua kwenye kampuni kadhaa kuomba ushirikiano. Zinapokelewa, zinagongwa muhuri, basi. Nakosea wapi?

Mwalimu, barua yako haimwambii anayeisoma afanye nini. Mtu huyo ana oda ya kukabidhi Ijumaa. Anakuta ukurasa mzima unaosifu umuhimu wa elimu, mwishoni anaombwa "kushirikiana", anahitimisha kwamba mnataka hela, anaiweka pembeni. Na mara nyingi hajakosea sana.

Mwombe kitu kimoja chenye saa na idadi. Mfano: "Tunaomba Jumanne, saa nne hadi saa tano asubuhi, fundi wenu mmoja awaeleze wanafunzi 12 wa miaka 15 namna kazi ya mteja inavyopokelewa, inavyofanywa na inavyokabidhiwa. Watakuja na mwalimu, na maswali yao yatakuwa yameandaliwa." Barua kama hiyo hujibika papo hapo. Hata ukiambiwa hapana, angalau umejua mlango upi uuache.

Tena usianzie kwenye kampuni kubwa kuliko zote. Huko ombi lako litapanda ngazi mpaka lisahaulike, wakati mwenye wafanyakazi wanne anaamua akiwa amesimama mlangoni. Anza na watu ambao tayari wana uhusiano na shule. Wapelekee wazazi karatasi fupi: unafanya kazi gani, na unaweza kutupa saa moja muhula huu? Utashangaa. Humo mtapatikana fundi umeme, muuguzi, mhasibu, dereva wa lori, mtu wa maabara. Baada yao watafute waliosoma hapo.

La mwisho, na hapa ndipo shule nyingi huangukia: kila kitu kiandikwe kwenye daftari la shule. Nani alikuja, namba yake ya simu, alisema nini, alilalamikia nini. Mambo haya yakikaa kwenye simu ya mwalimu mmoja, akihamishwa anaondoka nayo, na anayemrithi anaanza upya kugongewa mihuri.

Nina karakana ya kuchomelea milango na madirisha, na mafundi wanne. Shule inataka kuniletea wanafunzi wawili kwa wiki nzima. Watanichelewesha tu. Mimi nafaidika na nini?

Ndugu fundi, watakuchelewesha kweli, hasa siku mbili za mwanzo. Anayekuambia vingine hajawahi kudaiwa mlango na mteja. Hata Ujerumani, nchi yenye sheria ya mafunzo ya ufundi tangu 1969, tafiti zimeonyesha kwamba kwa wastani kampuni hutumia zaidi kwa mwanagenzi kuliko anachozalisha akiwa mafunzoni, kisha hurudisha gharama kwa kubaki naye kama mfanyakazi. Uswisi kampuni nyingi hupata faida hata kabla mafunzo hayajaisha. Lakini huko ni miaka mitatu au minne. Kwa wiki moja usihesabu uzalishaji kabisa. Unachopata ni kumtazama mtu kabla hujamwajiri: anafika saa ngapi, anauliza nini, akiharibu anasema au anaficha.

Sasa uwape kazi gani? Mashine ya kuchomelea usiwape. Wape futi kamba, chaki na fremu ambayo haijakazwa. Kijana apime kutoka kwenye kona sentimita 60 upande mmoja, 80 upande wa pili, aweke alama, kisha apime mshazari kati ya alama hizo. Ikija 100 kamili, kona imenyooka. Ikija 101, kona imefunguka na mlango utakuja kugoma. Kanuni ya Pythagoras aliyoikariri darasani bila kujua ni ya nini, leo ameiona ikiamua kama mteja atalipa.

Kisha mpe bomba la mita 6 na oda ya vipande vya sentimita 85. Vitatoka vingapi? Atasema saba, na zitabaki sentimita 5. Mwache akate kwa chaki tu, halafu muulize unene wa jiwe la kukatia. Jiwe la milimita 3 likipita mara saba limekula zaidi ya sentimita 2. Kwenye daftari zimebaki 5, kwenye karakana hazifiki 3. Mwalimu wake wa hisabati atakushukuru, hata kama hatakuambia.

Na sharti moja lisilo na mjadala: hakuna kutazama mwale wa kuchomelea bila kinyago, hata kwa kutupia jicho. Maumivu hayaji pale pale. Huja saa kadhaa baadaye, usiku, macho yakiwa kama yamejaa mchanga, na wewe haupo wa kueleza.

Mwanangu ana miaka 14. Shule inampeleka kiwandani kwa siku tano. Nina hofu atafanywa kibarua wa bure.

Mama, hofu yako ina msingi. Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, uliweka umri wa chini wa kuajiriwa kuwa miaka 15, ukiruhusu 14 kwa nchi ambazo uchumi na elimu yake bado havijakua vya kutosha. Kazi za hatari haruhusiwi mpaka afikishe 18. Lakini mkataba huohuo unaacha nafasi kwa kijana wa kuanzia miaka 14 kufanya kazi ndani ya kampuni ikiwa ni sehemu ya masomo yanayosimamiwa na shule, au ya mpango wa kumsaidia kuchagua fani, na kwa masharti yaliyowekwa na mamlaka husika. Kwa hiyo mpango ukikosa kuwa masomo au mwongozo wa kuchagua fani, nafasi hiyo haipo.

Nenda shuleni uulize: Msimamizi wake kiwandani ni nani, kwa jina? Siku ya pili na ya tatu atafanya nini? Akiumia, nani analipa? Mwalimu atapita lini kumwona? Na hili wazazi huliogopa kulitamka: je, kuna saa ambayo atakuwa peke yake na mtu mzima mmoja kwenye chumba kilichofungwa? Mwalimu akijibu bila kubabaika, mruhusu. Akisema "tutaona hukohuko", mwanao abaki nyumbani.

Ufagio peke yake usikutishe. Mahali ambapo mafundi wote husafisha jioni, na yeye asafishe. Akirudi siku ya tatu na bado ameshika ufagio tu, piga simu.

Shikamoo. Mimi niko sekondari na nataka kuwa rubani. Hapa kwetu kuna kiwanda kimoja tu. Ziara ya huko itanisaidia nini?

Marahaba, mwanangu. Ndoto yako ni nzuri, ila una wenzako wengi. Takwimu za PISA, upimaji wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, za mwaka 2018 kutoka nchi 41 zilionyesha kwamba asilimia 47 ya wavulana na 53 ya wasichana walitarajia kufanya mojawapo ya kazi 10 tu zinazopendwa. Vijana huchagua kazi wanazoziona, na wanaziona chache mno.

Kiwanda kimoja si kazi moja. Humo yumo anayepima ubora, anayenunua malighafi, anayepanga magari, anayetengeneza mitambo, anayelipa kodi. Mtafute anayehusika na usalama wa mitambo: orodha anayoipitia kabla ya kuwasha ni ndugu wa karibu wa ile ya rubani kabla ya kuruka. Usimuulize "kazi yako ni nini?", atakupa cheo. Muulize, "Jana tangu ulipofika hadi ulipotoka ulifanya nini?"

Kila mwaka wasichana wetu wanapelekwa ofisini na mapokezi, wavulana karakana. Mwajiri anasema ndivyo wanavyopenda wenyewe.

Wamependa kabla hawajaona. Ujerumani wana siku maalumu ya wasichana kutembelea kazi ambako wanawake ni wachache tangu 2001, na ya wavulana kwa upande wao tangu 2011. Ninyi hamhitaji siku maalumu. Pangeni kwa zamu, kila mwanafunzi apite pande zote mbili, na kuchagua kuje baadaye. Wasichana muwapeleke wawili wawili au watatu; mmoja peke yake kati ya mafundi wanaume atatumia wiki nzima kuhesabu saa. Na kabla ya yote muulize mwajiri choo kiko wapi na kama kinafungwa.

Kampuni yetu imetoa kompyuta, madawati na fulana. Mbona shule bado inalalamika?

Afisa, kwa sababu mwanafunzi amejua nembo yenu na bado hajui mnafanya nini. Mwakani punguzeni fulana, mtoe watu wawili kwa asubuhi moja. Mgeni rasmi msimlete.

Ziara moja kwa mwaka inatosha?

Kuanzia, inatosha. Vigezo vya Gatsby, yaani vipimo vya ushauri mzuri wa kazi shuleni vilivyotolewa Uingereza mwaka 2014, vinataka kila mwanafunzi, tangu miaka 11, akutane na waajiri kwa namna yenye maana angalau mara moja kila mwaka, na akifika 16 awe ameonja mahali pa kazi. Mkoa wa Hyogo, Japani, tangu 1998 huwatoa wanafunzi wa mwaka wa pili wa sekondari ya chini kwenda kwenye sehemu za kazi kwa siku tano. Utafiti mwingine wa Uingereza, wa 2012, uliona kwamba vijana waliokumbuka kukutana na waajiri mara nne au zaidi wakiwa shuleni walikuwa wachache zaidi kukaa bila kazi wala masomo kuliko wasiokumbuka hata mara moja. Hilo halithibitishi kwamba ziara ndizo zilizowaokoa, maana shule zinazoalika waajiri huenda zina mazuri mengine. Hata hivyo, ningepanga mara nne tofauti: mgeni darasani, ziara, siku ya kumfuata mfanyakazi mmoja, na wiki ya vitendo kwa wakubwa.

Mimi ni mkuu wa shule. Tunahitaji mkataba wa maandishi na kamati?

Maandishi ndiyo, ukurasa mmoja: tarehe, idadi, kazi watakazofanya, wasizoruhusiwa kugusa, bima, msimamizi wa kila upande na jinsi ya kusitisha. Kamati isubiri mpaka mwajiri mmoja amekubali kuwapokea wanafunzi kwa mwaka wa pili.