Statini zimenishinda, je, unga wa asili unatosha?

SWALI: Daktari, nina miaka 57. Nilianzishiwa atovastatini, mojawapo ya statini (dawa za kushusha kolesteroli), kwa sababu kolesteroli mbaya (LDL) ilikuwa 4.6. Baada ya wiki tatu mapaja yakaanza kuuma, nikaacha. Sasa nimeuziwa unga wa mchele mwekundu pamoja na vidonge vya kitunguu saumu, naambiwa vinasafisha mishipa bila madhara yoyote. Niendelee navyo?

JIBU: Dada yangu, unga huo uweke kando leo hii. Mchele huo huchachushwa kwa kuvu, na kuvu hiyo hutengeneza monakolini K, ambayo ni molekuli ileile ya lovastatini. Lovastatini ni statini! Umeifukuza mlangoni, imekurudia dirishani, tena safari hii bila kipimo: kopo moja linaweza kuwa nayo nyingi, jingine karibu hamna kitu. Baadhi ya unga huo umekutwa na sitrinini, sumu ya kuvu inayodhuru figo. Wagonjwa hunipangia makopo haya mezani. Mbele neno "asilia" kwa herufi kubwa, ukiligeuza kopo kutafuta miligramu za monakolini huzioni. Inaniudhi sana, maana muuzaji anajua anamuuzia mtu aliyekwisha kuogopa dawa.

Kuhusu kitunguu saumu, mwaka 2022 utafiti wa Marekani uliohusisha karibu watu 200 ulilinganisha rosuvastatini ya miligramu 5 na vitu kama hivyo kwa siku 28. Rosuvastatini ilishusha LDL kwa takriban 38%. Kitunguu saumu, mdalasini, manjano, mafuta ya samaki, hata huo mchele mwekundu, havikuishusha kwa namna ya kuaminika kuliko kidonge kitupu kisicho na dawa.

Maumivu yako siyapuuzi. Ila kuuma kwa misuli hakutoshi kuonyesha kwamba mkosaji ni statini. Mwaka 2020 Uingereza ilichapisha utafiti wa watu 60 waliokuwa wameacha statini kwa madhara. Kwa mwaka mzima walipokezana miezi ya statini, ya vidonge vitupu na ya kutomeza chochote. Takriban 90% ya usumbufu walioupata wakimeza statini waliupata pia kwenye vidonge vitupu. Maumivu yalikuwa ya kweli, lakini kwa sehemu kubwa yaliletwa na hofu ya kidonge. Nusu yao walirudi kwenye dawa.

Kwa hiyo anza na vipimo: kimeng'enya cha misuli (CK) na tezi ya shingo, kwa sababu tezi iliyolegea huumiza misuli na hupandisha kolesteroli pia. Mtajie daktari wako dawa nyingine zote unazotumia. Klarithromisini, kwa mfano, ambayo ni antibiotiki, huongeza kiwango cha baadhi ya statini mwilini. Kisha jaribuni statini nyingine kwa dozi ndogo, hata kwa kuruka siku. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi huku misuli ikiuma, acha dawa na uende hospitali siku hiyohiyo.

Statini zikishindikana kabisa, njia zipo. Kidonge cha ezetimibu cha miligramu 10 hushusha LDL kwa karibu 20%. Kidonge kingine, asidi ya bempedoiki, huamshwa kwenye ini, si kwenye misuli, ndiyo maana hakielekei kuumiza misuli. Utafiti wa 2023 wa karibu watu 14,000 wasiovumilia statini ulionyesha ilipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa 13%, ingawa mwenye jongo aitumie kwa uangalifu. Sindano za evolokumabu na alirokumabu hushusha kwa takriban 60%.

Wanaonitia wasiwasi zaidi ni waliokwisha kupata mshtuko wa moyo, kiharusi au kuwekewa stenti (kijibomba cha kupanua mshipa), nao wanaacha dawa kwa ushauri wa muuza unga. Kolesteroli haiumi. Ukiacha kidonge mapaja yakatulia, unajiona umepona na unga ndio unaosifiwa, huku LDL imerudi palepale na mishipa inazidi kuziba. Anayekwambia uache dawa, mwombe majibu ya maabara ya LDL, ya kabla na ya baada ya unga wake.