Jibu kwa mleta mada: taa na muziki wa kujitengenezea kwenye IST

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba una Toyota IST, unaishi Nzuguni, ulisoma umeme chuoni na unajua kulehemu, na sasa unataka kujitengenezea taa za ndani pamoja na amplifaya ya sabufa (spika kubwa ya besi) badala ya kununua vilivyo tayari, na kwamba redio ya Kijapani iliyokuja na gari haishiki stesheni zetu. Umeongeza kwamba fundi mmoja amekushauri uchukue umeme wote kwenye tundu la kuwashia sigara kwa sababu “ni volti 12 zilezile”. Nitakujibu kutokana na kazi niliyoifanya kwenye Noah yangu na kwenye magari ya majirani hapa Kizota, Dodoma. Taa na vidhibiti vyake jitengenezee, amplifaya kubwa nunua, na ushauri wa tundu la sigara uuache.

Nianze na hizo volti 12, maana ndizo zinazounguza vitu vingi vya kujitengenezea. Betri iliyojaa na kutulia husoma takriban volti 12.6. Injini ikiwaka, alternata (jenereta ya gari inayochaji betri) huipandisha hadi kati ya 13.8 na 14.4, na unapopiga stata hushuka ghafla, wakati mwingine chini ya volti 9. Zaidi ya hapo, waya wa betri ukilegea wakati alternata inachaji, hutokea mruko wa volti nyingi kwa muda mfupi sana, ambao mita ya kawaida haiuoni lakini chipu inauona. Saketi iliyofanya kazi vizuri mezani kwa chaja ya volti 12 haijathibitisha lolote kuhusu maisha yake ndani ya gari.

Chukua mfano wa mikanda ya taa za LED inayouzwa madukani. Ndani yake LED tatu nyeupe zimeunganishwa mfululizo pamoja na rezista moja (kipande kinachozuia mkondo usizidi). Kila LED hula takriban volti 3.2, kwa hiyo tatu hula 9.6, na rezista hubakiwa na volti 2.4 pale umeme unapokuwa 12 kamili. Injini ikiwaka na umeme ukafika 14.4, rezista ileile inabeba volti 4.8, yaani mkondo unakaribia kuwa mara mbili ya ule uliokusudiwa. Ndiyo sababu mikanda hiyo huanza kufifia vipande vipande baada ya muda mfupi, na watu hulaumu ubora wa bidhaa peke yake. Ukijitengenezea, unakokotoa kwa 14.4 tangu mwanzo: LED tatu nyeupe mfululizo na rezista ya omu 330 zitapitisha takriban miliampea 15 gari likiwaka, na zitapungua mwanga kidogo likizimwa, jambo ambalo miguuni mwa abiria halimsumbui mtu. Kama tayari umenunua mkanda, weka kabla yake kipunguza volti cha LM2596 na ukirekebishe kitoe 11.5, kinavumilia hadi volti 40 upande wa kuingilia, kwa hiyo kinasaidia pia dhidi ya miruko midogo.

Ukitaka taa zinazobadilika rangi kwa Arduino (bodi ndogo unayoiandikia programu), ambazo binafsi naziona ni burudani nzuri zaidi kwa mtu aliyesoma umeme, kumbuka kwamba mikanda ya WS2812B, ambayo kila kitone chake huongozwa peke yake, hutumia volti 5 na kila kitone kinaweza kula hadi miliampea 60 kikiwaka cheupe kikamilifu. Mkanda wenye vitone 60 kwa mita unafikia ampea 3.6 kwa mita moja tu. Usijaribu kuupatia umeme huo kwa regulata ya 7805 (chipu inayotoa volti 5 na kugeuza ziada kuwa joto): kushusha 14.4 hadi 5 kwa nusu ampea pekee kunageuza karibu wati 5 kuwa joto, na joto hilo halina pa kwenda nyuma ya dashibodi. Tumia LM2596 kwa mkanda mfupi, weka fyuzi ndogo kabla yake, na punguza ung'avu kwenye programu. Theluthi moja ya mwanga inatosha kabisa usiku.

Sasa amplifaya. Redio iliyoandikwa wati 50 mara nne haitoi wati 50 za muziki safi. Chipu yake inaendesha spika ya omu 4 kwa umeme wa gari moja kwa moja, na hesabu haidanganyi: kipeo cha volti 14.4 kikizidishwa chenyewe kisha kugawanywa kwa 8 kinatoa karibu wati 26, na hizo ni kabla ya hasara za ndani ya chipu. Ile 50 hupatikana tu mawimbi yakikatwa hadi yawe ya mraba, yaani sauti ikiwa imeharibika kabisa. Chipu za namna hiyo, kama TDA7388, unaweza kuzifunga mwenyewe kwenye bodi na kipoza joto kizuri, na zitaendesha spika za milango kwa heshima. Lakini sabufa inahitaji zaidi, na hapo amplifaya lazima iwe na kigeuzi cha ndani kinachopandisha volti 12 hadi volti nyingi zaidi, chanya na hasi, kwa kutumia transfoma ya feraiti na transista zinazowaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde. Nimewaona vijana wenye vipaji wakikwama hapo hapo, transista zikipasuka mfululizo, na gharama ikapita ya kununua iliyo tayari. Nunua ya daraja D (aina isiyopoteza umeme mwingi kwa joto), na usiamini maandishi ya wati 1,000 kwenye kifaa chenye fyuzi ya ampea 20.

Turudi kwenye tundu la sigara: wati 300 za kweli kwenye daraja D zinahitaji karibu ampea 27. Fyuzi ya tundu la sigara kwa kawaida ni ya ampea 15, na waya wake ni mwembamba. Ukivuta waya wa milimita 1.5 za mraba kwa mita tano hadi kwenye buti, kwa ampea 30 unapoteza takriban volti 1.75 njiani, kwa waya wa milimita 10 za mraba unapoteza robo volti tu. Vuta waya huo kutoka betri yenyewe, na fyuzi ikae karibu na betri iwezekanavyo, si kwenye buti, kwa sababu kazi yake ni kulinda waya. Jamaa yangu mmoja alifungiwa amplifaya bila fyuzi ya mbele. Waya ulisuguana na bati pale unapotoboa kuingia ndani, na moshi ukaanza njiani kuelekea Bahi. Pale panahitaji mpira wa tundu. Upande wa hasi, kwangua rangi hadi bati ling'ae, funga kwa bolti karibu na amplifaya, na pitisha waya za sauti upande mwingine wa gari, mbali na waya wa umeme. Ule mluzi wa kwenye spika unaopanda na kushuka pamoja na injini mara nyingi unatokana na mambo hayo mawili.

Hali ya hewa yetu nayo ina neno. Gari likiachwa juani mchana hapa Dodoma, gundi ya kuyeyushwa kwa bunduki ya gundi hulainika na tepu ya umeme huteleza ikaacha utando wa gundi na vumbi. Tumia mpira unaosinyaa kwa joto, kapasita (vihifadhi chaji) zinazohimili joto la nyuzi 105 badala ya 85, na viungio vya kubana kwa koleo kwenye waya kubwa, kwa kuwa waya uliolehemiwa huvunjika pale risasi inapoishia gari linapotikisika kwenye barabara za mitaani. Boksi la sabufa mpe seremala akutengenezee lililofungwa kabisa, la MDF (mbao za unga uliobanwa) ya milimita 18.

Kuhusu redio ya Kijapani uliyoitaja, haijaharibika: FM ya huko ilianzia megahezi 76 hadi 90, na kipanuzi kidogo cha masafa kinachochomekwa kwenye antena kitakupatia stesheni zetu. Vimulimuli vya bluu na nyekundu usivifunge hata kwa mzaha, kwani hivyo ni vya magari ya dharura na trafiki hawatakusikiliza.

Ukimaliza yote, zima gari, funga milango, subiri kidogo, kisha pima mkondo kwa kuunganisha mita mfululizo kwenye hasi ya betri, bila kupiga stata mita ikiwa hapo. Mkondo ukizidi miliampea 50, chomoa fyuzi zako ulizoongeza moja baada ya nyingine hadi usomaji ushuke, na hapo utaijua saketi iliyobaki inakunywa umeme usiku; kwa kawaida ni ile uliyosahau kuipitisha kwenye relei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya swichi ya ufunguo.