Mchuma pamba aliwezaje kuitikisa Marekani?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Katika waliopigania haki za watu weusi Marekani, mimi ninaowajua ni Martin Luther King na Rosa Parks tu, juzi nikasikia habari za Fannie Lou Hamer, wanasema alikuwa mchuma pamba na shule hakusoma sana. Sasa aliweza vipi, na ameacha nini?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Kweli kabisa, alizaliwa 1917 jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, mtoto wa mwisho kati ya 20, akaanza kuchuma pamba ana miaka 6, na shule za watoto weusi zilifunguliwa ile miezi ambayo shambani hakuna kazi. Hebu fikiria, mpaka Agosti 1962 mama wa miaka 44 alikuwa hajui hata kama mtu mweusi ana haki ya kupiga kura! Alipoambiwa tu, tarehe 31 akapanda basi na wenzake 17 kwenda mji wa Indianola kujiandikisha, akapewa mtihani wa katiba ya jimbo, akafelishwa, halafu wakati wa kurudi polisi wakalisimamisha basi na kumpiga faini dereva eti basi lina rangi ya njano kupita kiasi. Basi lilelile lililokuwa likibeba wachuma pamba miaka yote! Watu ndani wanatetemeka, yeye akaanza kuimba nyimbo za kanisani. Kufika nyumbani mwenye shamba akamwambia afute jina lake au aondoke, akamjibu kwamba hakwenda kujiandikisha kwa ajili yake, alikwenda kwa ajili ya nafsi yake mwenyewe. Usiku huohuo akafukuzwa, miaka 18 ya kazi imeishia hapo.

1963 alipigwa vibaya sana jela ya Winona, hukohuko Mississippi, figo na jicho havikupona tena. Mwaka uliofuata akayasimulia hayo mbele ya kamati ya chama cha Democratic kule Atlantic City, Rais Johnson akaitisha mkutano na waandishi ghafla ili kamera zimwache mama, lakini jioni televisheni zikamrusha na nchi nzima ikamsikia. Sheria ya haki ya kupiga kura ikaja 1965.

Ila mimi nikiulizwa ameacha nini nataja nguruwe, usishangae. Mama alishaona kwa macho yake kwamba anayekulisha na kukupa nyumba ndiye anayeshika kura yako, ukimuudhi unalala nje na watoto. Ndiyo maana mwishoni mwa miaka ya 60 akaanzisha shamba la ushirika, Freedom Farm, na benki ya nguruwe: familia inapewa jike lenye mimba, watoto wakizaliwa wanabaki nao wa kufuga na kula, na benki nayo inarudishiwa nguruwe ili jirani apate. Mboga walilima wenyewe, nyumba wakajengewa. Shamba lilikufa kwa madeni na hali mbaya ya hewa, na yeye akafariki Machi 1977 ana miaka 59, ila kuna watoto wa Sunflower County, wilaya ya kwao, walikua wakila nyama ambayo hakuna mwenye shamba angeweza kuja kuwanyang'anya kwa sababu mama yao amepiga kura.